Kamera ndogo ya mfukoni kwa laki 2 na nusu ya kupigia mahafali, nichukue ipi wakuu?

KijanaWaKilombero

Wakuu habari za mchana, wakubwa wote shikamooni. Naombeni mawazo yenu kabla sijaenda kuliwa hela yangu Kariakoo.

Niko Ifakara, nina kijistudio changu cha kusafisha picha na kutoa kopi, maisha yanasogea. Sasa kuanzia mwezi wa 9 mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne yanafuatana kama mabehewa, yakiisha hayo kuna komunyo, kuna harusi, mpaka mwezi wa 12 mtu hulali. Mpaka leo napigia simu. Picha zinatoka sawa tu lakini simu ina mambo yake, mwaka jana mtoto ndio anakabidhiwa cheti na mgeni rasmi, mimi nimeshainama nimepata engo safi, ikaingia simu ya shemeji anauliza kama nimeshakula. Ile picha sikuipata. Na saa 8 chaji ikakata, mgeni rasmi hata keki hajakata.

Kamera kubwa za kutundika shingoni siziwezi bei na pia natembea na pikipiki, nataka kitu cha kuingia mfuko wa shati. Bajeti ni laki 2 na nusu, memori kadi humo humo.

Nimebakiwa na mbili. Kuna mpya kabisa ya kwenye boksi nimeiona mtandaoni, imeandikwa megapikseli 48, zumu mara 16, video 4K, 145,000 na wanakuletea. Halafu kuna jamaa yuko Dar anauza Canon IXUS 185 ya mtumba kwa 220,000, hiyo ina megapikseli 20 tu na zumu mara 8. Hesabu inaniambia 48 ni zaidi ya 20 na inabaki laki nzima ya mafuta, ila moyo unasita sijui kwa nini. Nisaidieni.

mtoto_wa_mjini

Kaka kwani kamera bado zinauzwa?? Hiyo laki 2 na nusu ongezea kidogo chukua simu nyingine ya mtumba yenye kamera kali, usiweke laini ndani, shemeji atakupigia wapi sasa. Tatizo limeisha. Vikamera hivyo vilikufa na kaseti.

FundiLenzi

Moyo wako una akili kuliko hesabu yako mdogo wangu, usikilize.

Hiyo ya 48 naijua, sio hiyo moja tu, zipo za majina ishirini na ndani ni kitu kile kile. Sensa yake, kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo ya megapikseli chache, halafu programu ya ndani inaikuza picha mpaka ifike hiyo 48 waliyoandika kwenye boksi. Ni kama uji wa watu watano unaongeza maji wanywe ishirini, sufuria imejaa kweli lakini uji uko wapi. Na hiyo zumu mara 16 ni ya kidijitali, maana yake haisogezi kitu, inakata tu katikati ya picha na kuitanua, kazi ambayo ungeifanya mwenyewe kwenye kompyuta bure. Kipimo ni kimoja, muulize muuzaji nikiwasha kamera lenzi inatoka nje? Kama lenzi haitoki na iko bapa kama ya simu basi hapo umeuziwa simu isiyopiga simu. Angalia na flashi pia, nyingi zina kitaa kama cha tochi ya simu, sio flashi.

IXUS 185 ni kamera ndogo sana, ilitoka 2017, zumu mara 8 ni ya lenzi yenyewe kusogea, flashi ni flashi kweli ile ya kupasua. Video yake ni 720 tu na haina waifai, lakini wewe unasafisha picha, waifai ya nini, unachomoa kadi unachomeka kwenye kompyuta ya studio.

Ila bei ya 220,000 bado unaweza kuishusha. Na usinunue bila kuishika.

KijanaWaKilombero

Asante sana mkuu, ya lenzi kutoka nje sikuijua. Sasa swali la kijinga, hiyo 20 ikisafishwa A4 haitavunjika? Kuna wazazi wanataka ya fremu ya ukutani.

FundiLenzi

Hakuna swali la kijinga kwenye hela. Picha ya 6x4 ukiisafisha kwa nukta 300 kila inchi inataka pikseli 1800 kwa 1200, megapikseli moja ni pikseli milioni, piga hesabu hapo ni megapikseli 2 na kidogo. Mbili! A4 inataka kama 9. Kwa hiyo hata kamera ya megapikseli 12 ya mwaka 2009 ikipata mwanga mzuri inakutolea fremu ya ukutani. Watu wanauziwa namba, picha inaharibika kwa giza na kwa mkono kutikisika, sio kwa uchache wa pikseli.

mtoto_wa_mjini

Sawa fundi lakini usimdanganye dogo, sensa ya hiyo IXUS ni ile ya 1/2.3, milimita kama 6 kwa 5 hivi, kuna simu za kawaida tu siku hizi zina sensa kubwa kuliko hiyo. Ukiingia ukumbini taa hafifu simu itaipiga hiyo Canon asubuhi na mapema. Mimi nimeshika zote mbili, sibishani kwa hadithi.

FundiLenzi

Hapo umesema kweli na sikupingi, bila flashi gizani simu mpya inashinda. Ila yeye hapigi machweo, anapiga mtoto mweusi mwenye joho jeusi amesimama mbele ya dirisha mchana kweupe, mwanga wote uko nyuma yake. Simu itakupa dirisha zuri na mtoto kama kivuli, au itachanganya picha kadhaa kuwa moja na mtoto akitikisa kichwa anapata masikio manne. Flashi ya kamera inarusha mwanga mkali kwa muda mfupi sana, uso unawaka, macho yanaonekana, na mtu haachi ukungu wa kutembea. Mwisho mita 3 hivi, zaidi ya hapo usijidanganye, ile ya kupigia flashi kutoka nyuma ya ukumbi ni kumaliza betri tu.

Mzee_wa_Filimu

Vijana marahaba, salamu zenu zimefika.

Mimi nipo Mbeya nimeanza kazi hii na filimu za picha 36, ukikosea ya ishirini hujui mpaka ukasafishe, na mwenye harusi ameshaenda fungate. Nimepita zote hizi, kwa hiyo sitaongelea pikseli, wenzangu wamesema.

Mwanangu wa Kilombero, wewe unauza picha kwa wazazi. Mzazi ukimtolea simu anakwambia hata mimi ninayo, anampiga mwanae mwenyewe na wewe unabaki unatazama. Ukitoa kamera, hata ndogo ya kuingia kwenye kiganja, ikatoka lenzi, ikalia krii, flashi ikapiga, watoto wanajipanga wenyewe na mzazi anauliza bei. Nimeona hivyo miaka na miaka, sijui ni saikolojia gani lakini ndio inayonilisha.

Jambo la pili ambalo hakuna aliyekugusia. Hizi kamera ndogo picha yake ina umbo la 4 kwa 3, karatasi ya 6x4 ni ndefu zaidi. Ukisafisha picha ya kulala ijae karatasi, mashine inakata juu na chini, jumla kama sehemu moja ya tisa ya kimo cha picha inapotea. Vijana wengi wanapiga kofia ya mahafali ikagusa ukingo wa kioo wanasema imeenea vizuri, ikisafishwa kofia imekatwa na mzazi hachukui. Acha nafasi juu ya kofia na chini ya viatu, daima. Kamera nyingine zina setingi ya 3:2, ndilo umbo la karatasi ya 6x4, ukiikuta iwashe.

Na usiende na betri moja.

BintiWaForodha

Assalaam alaykum. Mie nipo Unguja, nlikuwa napiga picha za skuli na za wageni ufukweni, nimeuza na kununua hizi kamera zaidi ya kumi kwa hiyo nakwambia za kununua mtumba, maana huko ndiko watu wanakolizwa.

Chukua tochi, washa kamera, lenzi ikitoka mulika kwa pembeni utazame ndani ya kioo. Ukiona kama utando wa buibui au nywele nyeupe nyembamba zimejikusanya hiyo ni fangasi, iache hapo hapo hata akikupa nusu bei. Kwetu huku pwani hewa ina unyevu na chumvi, kamera iliyokaa kabatini miaka mitatu ndani ya mkoba wa ngozi ndiyo khasa inayoota fangasi. Usiseme nitaifuta, ipo ndani baina ya vioo.

Pili iwashe na kuizima mara kumi, nende rudi na zumu, sikiliza. Ikisaga kama kuna mchanga basi upo mchanga. Hizi za lenzi ya kutoka chembe moja tu ikiingia kwenye bomba la lenzi linakwama nje na kioo kinaandika hitilafu ya lenzi, na fundi wa kuifungua akakurejeshea nzima ni wachache mno. Mie yangu ya kwanza ilikufa hivo hivo, mgeni kaomba nimpige akiruka maji, upepo ule, mchanga ule, basi.

Kisha piga ukuta mweupe kwa zumu yote, ukiona vidoadoa vya kijivu pahala pale pale kwa kila picha ni vumbi kwenye sensa. Na tizama mlango wa betri kama unashika, vingi vimevunjika kikucha watu wanafunga na mpira.

La mwisho, kuna Sony nyingi zimetoka Japani zilizouzwa kwa soko la kule kule, menyu ni Kijapani peke yake hakuna pa kubadilisha. Zinakuja kwa bei nzuri ndio maana. Ingia kwenye setingi ya lugha kabla hujatoa pesa.

KijanaWaKilombero

Dah dada yangu nimeandika zote kwenye daftari. Kumbe ni kama kununua ng'ombe, mpaka umfungue mdomo uhesabu meno.

otieno_wa_River

Niaje watu wa Bongo, mimi niko Nairobi nauza vitu kama hizi kule Luthuli so nitaongea tu ukweli hata kama inaniharibia biashara. Kwanza mjue bei zimepanda, watoto wa Ulaya na Amerika wameanza kutafuta hizi kamera za zamani juu wanasema picha zake zinakaa poa, kitu nilikuwa nauza elfu tatu za Kenya 2019 saa hii mtu anaitisha elfu nane na haoni haya. Mpaka Canon wenyewe 2025 wamerudisha IXUS 285 ya 2016, wakaibadilisha kidogo tu, sasa inatumia microSD, na hiyo huwezi ikaribia na bajeti yako.

Sasa sikia, wewe uko mahali stima zinapotea. IXUS inatumia betri yake spesheli inaitwa NB-11L, moja inakufa mapema na feki ni nyingi, zingine zinafura hadi hazitoki kwa kamera. Kwa nini usitafute zile Canon za A, kama A810 ama A1300? Zote ni za 2012, megapikseli 16, zumu mara 5, na zinatumia betri mbili za AA za kawaida tu, zenye uko nazo kwa saa ya ukuta. A1300 hata iko na katundu ka kuchungulia, jua ikiwa kali kioo haionekani unachungulia hapo. Ni nene kidogo kuliko IXUS lakini mfuko wa shati inaingia. Ama Kodak PIXPRO FZ45, hiyo bado inatengenezwa, nayo ni AA, ila usifikirie ni Kodak ile ya babu yako, hiyo ilifilisika 2012 na jina sasa linatumiwa na kampuni ingine kwa leseni.

Lakini usiweke zile betri za bei ya chini za redio. Utapiga picha kumi flashi inakataa halafu utanitukana hapa. Weka alkalaini ama nunua za kuchaji, nne, mbili kwa kamera mbili kwa mfuko.

mtoto_wa_mjini

Betri za AA mwaka huu jamani 😂😂 si bora umuuzie na jenereta

Mzee_wa_Filimu

Cheka mwanangu. Saa 8 mchana simu yako ikizima utakwenda kuazima umeme kwa mwalimu mkuu, mwenzio ataingia dukani kwa Mangi.

FundiLenzi

Otieno umeongea jambo la maana, A1300 nilikuwa nimeisahau kabisa. Dogo nyongeza ndogo, kadi. Usinunue kadi ya GB 128 ya elfu 8 barabarani, inaandika 128 ila ndani ni ndogo, ikijaa inaanza kufuta za mwanzo kimya kimya au inakupa mafaili yasiyofunguka, na utajua siku ya kusafisha. GB 16 au 32 orijino inakutosha mahafali matano. Ukifika nyumbani ijaze mafaili mpaka pomoni kisha yafungue yote, ikipita hapo ni nzima. Ukikutana na kamera za kale zaidi, Olympus na Fujifilm za enzi zile zinataka kadi za xD, Sony zinataka Memory Stick, usiziguse hata wakikupa bure, kadi zake utazisaka mpaka uzeeke.

KijanaWaKilombero

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nimekaa kimya wiki 3, kazi zilibana.

Nilipanda basi mpaka Dar. Yule wa IXUS tulikutana Kariakoo, kijana mstaarabu tu, nikatoa tochi yangu akashangaa, lenzi safi haina fangasi, nikaanza washa zima washa zima. Mara ya sita ikasaga. Ya saba ikakwama nje. Akaigonga na kiganja ikarudi akaniambia huwa inafanya hivyo ikiwa na njaa ya chaji. Nikamshukuru nikaondoka, dada wa Unguja Mungu akuzidishie.

Nikazunguka Aggrey na mitaa ya pale mpaka miguu ikawaka, kila duka simu simu simu, mwisho mzee mmoja anayeuza kalkuleta na redio akachomoa kwenye droo A1300 nyeusi, imechubuka pembe lakini lenzi kama maji. Alitaka 150,000 tukamalizana 120,000. Kadi GB 32 pamoja na betri nne za kuchaji na chaja yake ikala 65,000. Yaani nimerudi na chenji, nikala chipsi kuku Msamvu kama waziri.

Jumamosi nimepiga mahafali ya kwanza. Flashi inachelewa kujaa, unasubiri sekunde kadhaa kati ya picha na picha, mwanzoni ilinitia jasho ila nikawa napanga watoto wakati inajaa. Katundu ka kuchungulia kanapotoka kidogo, unachokiona sio hasa kinachotoka, kwa mbali sio mbaya. Betri pea moja ilinifikisha kwenye keki. Na mzee alichosema ni kweli tupu, nilipoitoa mfukoni ikalia krii wazazi wanne walinifuata kabla sijasema bei.

Sasa tatizo. Picha zote 143 zimeandikwa tarehe kwa rangi ya chungwa pale chini kulia, na ni ya mwaka 2012. Sikuona juani, nimeona studio. Mzazi anasafishiwa mahafali ya mwanae yanaonyesha mtoto hajazaliwa. Inatokaje hii??

FundiLenzi

😂😂😂 pole. Ndani kuna kibetri kidogo cha saa kinachojichaji kutoka kwenye betri kubwa, kamera ikikaa kwenye droo bila betri wiki kadhaa inasahau tarehe. Acha betri ndani saa 4 au 5, seti tarehe upya, halafu ingia kwenye menyu uzime kabisa hiyo ya kuandika tarehe. Ila zilizokwishaandikwa zimeandikwa, iko ndani ya picha yenyewe, haifutiki kwa kubonyeza.

Mzee_wa_Filimu

Ulinisikiliza ile ya kuacha nafasi juu na chini?

KijanaWaKilombero

Nilikusikiliza mzee wangu, nyingi nimeacha nafasi, chini ya viatu kuna mchanga wa kutosha.

Mzee_wa_Filimu

Basi usiiachie mashine ikate yenyewe. Kwenye kompyuta weka umbo la 6x4, shusha ule ukataji wote uwe upande wa chini, juu usiguse. Tarehe iko ndani ya kile kipande kinachotupwa. Jaribu moja unambie.

KijanaWaKilombero

Imekatika mzee! Tarehe yote imeenda na mchanga wake. Kuna kama 11 hivi nilisogea sana, hizo viatu vinakatwa kidogo, hao nawasafishia za nusu mwili. Naingia kazini, saa 10 wanakuja kuchukua.